Kompyuta yako alikuchagulia fundi

KIBARAZANI
Na Zuhura Mkomwa

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku ile, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Kilichokoma ni viraka: kila tundu la usalama litakalogunduliwa ndani ya mfumo huo wa mwaka 2015 litabaki wazi, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata mwaka mmoja wa ziada unaoishia Oktoba 13, 2026. Windows 11 ipo, lakini ina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa, kama ni ya Intel, iwe kwa sehemu kubwa ya kizazi cha nane kwenda mbele.

Sasa pita Kariakoo utazame kilichopangwa kwenye vioo vya maduka. HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad T460: mashine zilizostaafishwa kwenye ofisi za ng'ambo, nyingi zikapitia Dubai, zikafutwa vumbi na kubandikwa stika mpya kwenye vitufe. Hiyo 840 G3 naijua vizuri. Prosesa yake ni ya kizazi cha sita. Ukifungua skrubu za nyuma unakuta nafasi mbili za RAM, betri inayotoka na mahali pa kuweka SSD. Kikichoka kimoja unanunua kingine mtaa wa pili. Kwa masharti ya Windows 11, mashine hii ni marehemu. Kwa mama mwenye kituo cha tuisheni Tabata, aliyeinunua kwa fedha za kikoba, ndiyo kwanza kijana.

Mafundi wana jibu lao tayari: "Dada, usijali, nitakupigia Windows 11 hivyo hivyo." Na kweli wanaweza. Ipo njia ya panya ya kuruka ukaguzi wa TPM, mashine itawaka na itapendeza. Ila Microsoft wenyewe wameshasema hawaahidi masasisho kwa mashine isiyotimiza masharti, kwa hiyo umelipia sura mpya ukabaki na wasiwasi ule ule. Wapo pia wanaoshauri uhamie Mac. Mwenye uwezo aende kwa amani. MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, ni mashine nzuri sana. Lakini RAM yake imeganda kwenye bodi, huiongezi, na siku ikimwagikiwa chai utajua kwa nini nimekuambia habari za skrubu. Kuhusu Mac naishia hapo.

Maoni yangu ni kwamba mashine kama ile ya Tabata ihamishiwe Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na kwa anayeanza nasema Linux Mint. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litahudumiwa hadi 2029, na linaridhika na RAM ya GB 4.

Ninachokikataa ni hoja zinazotumika kuinadi. Ya kwanza daima ni kwamba ni bure. Bure kwa nani? Windows nyingi mitaani kwetu ni za kuchakachua. Leseni hatujawahi kuiona, tunachomlipa fundi ni ufundi wake na hela ya soda. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Linux haiuzwi, atakuuliza kwani Windows inauzwa. (Kile kijiprogramu cha kuihadaa Windows ijione ina leseni, ambacho fundi hakiendeshi mpaka azime antivirasi, ni mada ya siku nyingine. Ila jiulize kwa nini antivirasi izimwe.) Hoja ya pili ni uhuru wa kusoma msimbo wa programu. Mama wa tuisheni hana haja ya kusoma msimbo. Anataka mtihani wa majaribio wa darasa la saba uwe tayari Jumatatu asubuhi.

Anachokijua yeye ni balaa la flashi. Anauandaa mtihani nyumbani, anauweka kwenye flashi, anaupeleka steshenari kuchapisha. Kijana wa steshenari anaichomeka kwenye kompyuta iliyoshapokea flashi za mtaa mzima tangu asubuhi. Ikirudi nyumbani, folda zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja au mbili, na ukibofya moja tu, kirusi kimeshahamia kwako. Mafaili hayajapotea, yamefichwa. Lakini asiyejua anaifomati flashi na kuizika kazi ya wiki nzima. Chomeka flashi hiyo hiyo kwenye Linux Mint. Zile shotikati zimelala pale kama takataka, hazina nguvu, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya Windows, na folda halisi mara nyingi unaiona pembeni yake ikiwa na mafaili yako yote. Unafuta takataka, unaendelea na kazi. Sijasikia hotuba ya kuitetea Linux inayoishinda dakika hiyo moja.

Jambo jingine analolijua ni bando. Windows ikinasa hotspot ya simu yako huweza kuanza kuvuta masasisho kimyakimya mpaka uingie ule ujumbe kuwa kifurushi kimekwisha, kama hukuwahi kuiambia kwamba intaneti hiyo ni ya kupimwa. Mint inakuletea orodha, inaweza kukuonyesha kila kitu kina ukubwa gani, halafu inasubiri uamue.

Gharama zipo, na wapenzi wa Linux wana tabia ya kuzipitia haraka haraka kama ofisa anayemsomea mteja masharti ya mkopo. Microsoft Office haiingii. Utatumia LibreOffice, ambayo inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word, na kwa barua, mitihani na hesabu za kikoba haitakusumbua. Tasnifu ya kurasa mia iliyoandikwa kwa Word ni habari nyingine. Times New Roman hupata mbadala wake, fonti ya Liberation Serif yenye vipimo vile vile vya herufi, hivyo mistari haihami sana. Majedwali ndiyo hayana adabu. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake anarudisha masahihisho kwa Word asihame mpaka avae joho. Mwenye duka anayetegemea QuickBooks iliyosakinishwa kwenye kompyuta, asihame. Mwenye studio ya picha anayekula kwa Photoshop, asihame kabisa. Printa nyingi za HP hutambulika zenyewe; za Canon, hasa baadhi ya zile leza ndogo, zinaweza kukutoa jasho. Maombi ya mkopo wa chuo, Ajira Portal na mengine yote ya kwenye kivinjari hayajali umetokea mfumo gani.

Hata hivyo sidhani kwamba hayo ndiyo yanayowazuia watu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, tena bila malipo. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, nayo ni Linux, na kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa kwa posta duniani kote. Hata stempu hukulipia. Lugha ilikuwepo, bei haikuwepo, na mzigo uliletwa hadi sanduku la posta. Mbona mitaani Linux haikushika?

Jibu langu ni fundi. Kompyuta ikigoma Jumamosi saa mbili usiku, hakuna anayewapigia Microsoft, wala Apple, wala watu wa Mint. Anapigiwa yule kijana wa mtaani, na yule kijana anajua Windows. Tena inamlisha. Mashine ikiwa nzito baada ya miezi kadhaa dawa yake ni kupiga Windows upya, na kila kupiga ni hela. Mteja akihamia mfumo usiougua virusi vya flashi, fundi amepoteza pesa ya mboga. Simlaumu. Ningekuwa yeye, nami ningekuambia kwamba Linux ni ya wadukuzi.

Kwa hiyo anayetaka kuhama aanze na fundi kabla ya mashine. Faili la Mint ni kama GB 3. Lipakuliwe kwa bando la usiku, liandikwe kwenye flashi ya GB 8. Kwenye HP awashe huku akibonyeza F9, kwenye Dell na Lenovo F12, achague flashi. Mint itawaka kutoka humo humo bila kugusa kilichomo kwenye diski, na hapo ndipo pa kujaribu wifi, spika, kamera na, zaidi ya yote, printa. Ikikubali ndipo isakinishwe, baada ya picha na mafaili kunakiliwa kwenye diski ya nje, maana diski ikishafutwa hakuna wa kumlilia. Fundi akisitasita, mkumbushe kwamba simu ya Android aliyoishika ina kiini hicho hicho cha Linux.

Umlipe zaidi ya bei ya kupiga Windows, mara mbili ikibidi, kwa makubaliano kwamba atashinda nawe mpaka karatasi ya mtihani itoke kwenye printa, na kwamba miezi mitatu ya mwanzo ukimpigia atapokea. Kama mtaani kwenu fundi wa hivyo hapatikani, na mwenyewe huna moyo wa kuhangaika, baki na Windows 10 yako. Leseni yako ikiwa halali, jiandikishe ule mwaka wa ziada kabla haujaisha. Ikiwa ya kuchakachua, mambo ya benki yafanyie kwenye simu.