Jirani Mgumu na Neno la Sista Leonella

Mchana wa tarehe 17 Septemba 2006, Sista Leonella Sgorbati alitoka kufundisha uuguzi katika hospitali ya SOS, Mogadishu. Nyumba ya masista ilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kabla hajafika alipigwa risasi, yeye na mlinzi wake Mwislamu, Mohamed Mahmud. Wote wawili walifariki. Masista wenzake wamesimulia kwamba kabla ya kukata roho alitamka neno moja mara tatu kwa Kiitaliano: nasamehe.

Wakristo wengi wakisikia habari hiyo huiweka kwenye rafu ya watakatifu, kana kwamba haiwahusu wao wenye ugomvi wa mpaka wa shamba, msimamizi mwenye ulimi mkali au wifi asiyeitikia salamu. Hapo wanakosea. Neno lile halikuzaliwa barabarani siku ile. Leonella alifika Kenya mwaka 1970, akauguza watu Nyeri na Kiambu, kisha tangu 1985 akaongoza mafunzo ya wauguzi Nkubu, Meru. Aliyewahi kukesha wodini anaujua mtihani wake: mgonjwa anatukana kwa maumivu, ndugu zake wanafoka mlangoni, na mwanafunzi aliyeelekezwa jana leo amerudia kosa lilelile. Humo ndimo msamaha unamozoezwa, kwa vitu vidogo, mwaka baada ya mwaka. Asiyeweza kunyamazia kejeli moja ya jikoni asitarajie kuwa na neno la kumwambia muuaji.

Uvumilivu wa namna hiyo haukuwa wa Leonella peke yake. Kusini mwa Mogadishu, katika bonde la Juba, Padre Pietro Turati wa shirika la Wafransisko aliwahudumia wagonjwa wa ukoma huko Jilib hadi alipouawa Februari 1991.

Vita vya Somalia vilivyoanza wakati huo ndivyo vilivyowang'oa pia Wabajuni wa Fuma, Koyama, Chula na visiwa vingine vya pwani ya Kismayu. Ni wavuvi, Waislamu, wasemaji wa Kibajuni. Walikimbia kwa mashua hadi Lamu na Mombasa, na wengi wakaishia kambi ya Jomvu. Kwao Somalia walidharauliwa kwa kutokuwa na ukoo wenye bunduki. Kenya wakaitwa Wasomali, ingawa lugha yao ni ndugu ya Kiamu, lahaja ya Lamu. Basi mtu wa namna hiyo akimjibu mteja kwa ukali sokoni, ukali huo una historia yake. Mkristo anayesimama mbele yake ana wajibu wa kujiuliza mzigo gani umemwelemea kabla ya kurudisha tusi. Paulo katika sura ya 12 ya waraka kwa Warumi anamtaka mwamini amlishe hata adui yake mwenye njaa, sembuse jirani aliyenuna!

Hata hivyo, neema si ububu. Annalena Tonelli, Mkatoliki mlei kutoka Italia, alikuwa akitibu kifua kikuu Wajir wakati askari walipowaua wanaume wa Kisomali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984. Hakukaa kimya akidai kwamba anasamehe. Alikwenda kuwatafuta majeruhi na maiti, akasaidia habari ziufikie ulimwengu, na mwaka 1985 akalazimika kuondoka Kenya. Aliukemea uovu bila kuwachukia watu, kisha akaendelea kuwatibu wagonjwa ndani ya Somalia hadi alipopigwa risasi Borama, Oktoba 2003. Wahubiri wanaomshauri mke anayepigwa avumilie tu kwa jina la msamaha wangefaa kumsoma mama huyu.

Wala Wakristo wasidhani kwamba neema hiyo ni mali yao peke yao. Desemba 2015, karibu na El Wak, wapiganaji wa Al-Shabaab waliposimamisha basi na kutaka abiria wajitenge kwa dini, Waislamu waliwakatalia ili kuwaokoa Wakristo. Mmoja wa Waislamu hao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016.

Msomaji Mkristo, yuko mtu ambaye wiki hii umebadilisha njia usikutane naye. Kesho pita mlangoni kwake, piga hodi, umjulie hali. Asipoitika, rudi tena wiki ijayo.