Jifunze kinanda mwenyewe, lakini kumbuka kinyozi hajinyoi

Una miaka 27. Una simu, una bando, na umenunua kinanda cha mtumba cha vitufe 61 ambacho kimekaa juu ya meza kejani kwako pale Kibwezi. Sasa unajiuliza: mwalimu ni wa kazi gani? Kila kitu si kiko YouTube?

Ni swali halali. Wanaokucheka eti umechelewa hawakusaidii, kwa hivyo wacha tulijibu kwa uzito.

Kwanza, sababu za kujifunza mwenyewe ziko na ni nzito. Kutoka Kibwezi hadi Nairobi ni yapata kilomita 200. Chuo cha muziki kinachojulikana sana nchini, Kenya Conservatoire of Music, kilianzishwa mwaka wa 1944 na kiko huko huko Nairobi. Ndiyo, treni ya SGR ya kaunti husimama Kibwezi, lakini nani atapanda treni kila wiki kwa somo la saa moja? Mtu anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, mwingine ni wa boda, mwingine yuko zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta kando ya Mombasa Road. Simu ndiyo shule inayofunguliwa saa nne usiku ukishamaliza kuosha vyombo.

Halafu kuna huo msemo wa samaki mkunje angali mbichi, ambao watu hupenda kumtupia mtu mzima akianza jambo jipya. Huo ni wa samaki. Vidole vya mtu wa miaka 27 bado vinakunjika. Mtoto atakushinda kwa wepesi na kwa muda wa kucheza, lakini wewe una mengi ambayo yeye hana. Unajua nyimbo mia mbili kwa moyo, za kanisani, za benga, za shule. Unajua kuhesabu, unajua kusoma, unajua ni wimbo upi unataka kuupiga na kwa nini. Na hakuna anayekulazimisha. Mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu na mamake anaweza kuacha siku mama atakapochoka, ilhali wewe hufanyi hili kumfurahisha mama.

Kwa hivyo usiache kujifunza mwenyewe. Ila tuangalie kinachotokea kwa wengi baada ya miezi sita.

Mwezi wa kwanza unajifunza Do hadi Do kwa vitufe vyeupe. Mwezi wa pili unapata noti tatu tatu za kupiga pamoja, na ghafla unagundua zinatosha nusu ya nyimbo za Jumapili. Raha! Mwezi wa tatu mtu anakuonyesha kile kitufe kidogo kilichoandikwa Transpose. Unakibonyeza, na kinanda kinakuhamishia sauti juu au chini huku vidole vyako vikibaki palepale vilipozoea. Kwaya ikiimba juu, unabonyeza. Ikiimba chini, unabonyeza. Mbele ya waumini unaonekana fundi kamili.

Hapo ndipo wengi hukwama, na hawajui kama wamekwama.

Zunguka makanisa ya Ukambani, au hata ya Nairobi na Mombasa, utawakuta wapigaji wazuri, wenye masikio makali, wanaojua ufunguo mmoja tu. Wengine ni wa vitufe vyeupe, wengine ni wa vyeusi. Miaka mitano, minane, kumi, bado ni ufunguo mmoja. Siku mama mmoja anapoanzisha wimbo bila kungoja kinanda, wanahangaika kutafuta namba ya kubonyeza huku ubeti wa kwanza ukiisha. Siku wanapoitwa kupiga harusi kwenye hoteli yenye piano halisi, ile ya mbao yenye vitufe 88, wanatafuta Transpose na haipo. Kazi inamwendea mwingine, na pesa pia.

Ufunguo ni mfano mmoja tu. Angalia na vidole. Ukipiga Do hadi Do kwa mkono wa kulia, vidole ni vitano na noti ni nane. Mpigaji aliyefundishwa hupiga tatu za kwanza, kisha anapitisha kidole gumba chini ya kidole cha kati ili mkono usogee bila kukatika. Ni jambo la dakika kumi kuonyeshwa. Aliyejifundisha peke yake hujipatia njia yake, mara nyingi ya vidole vitatu vya kurukaruka, na njia hiyo inafanya kazi vizuri sana mpaka siku ya wimbo wa haraka. Mkono wa kushoto nao unabaki kugonga noti moja moja kama anayepiga hodi. Mapigo hayajawahi kuhesabiwa kwa sababu mdundo wa mashine ndio unaombeba. Stima ikipotea na kwaya ikaendelea na ngoma peke yake, ndipo inajulikana nani alikuwa akishika mwendo.

Je, YouTube haina video zinazoeleza haya yote? Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Shida ni kwamba video inakuongelesha lakini haikusikii. Haioni mabega yako yamepanda mpaka masikioni. Haijui umeruka noti ya tano kwa mara ya arobaini. Wewe mwenyewe huwezi kusikia, maana sikio lako limeshazoea hilo kosa na sasa linaliita wimbo. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Si kwamba hana wembe au ujuzi. Hakioni tu kisogo chake.

Zamani mwalimu aliuza habari: noti hii inaitwaje, kidole hiki kinaenda wapi. Siku hizi habari ni za bure, na mwalimu anayetegemea habari tu ana haki ya kuogopa simu yako. Kinachobaki kuuzwa ni sikio lake na ujasiri wa kukwambia, "Simama hapo. Rudia."

Pengine umesikia ile hesabu ya saa 10,000, kwamba ukifanya jambo kwa saa hizo utakuwa bingwa. Malcolm Gladwell aliieneza katika kitabu chake cha mwaka wa 2008. Chimbuko lake ni utafiti uliochapishwa mwaka wa 1993 na Anders Ericsson na wenzake, kuhusu wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki Berlin. Kinachosahaulika mitaani ni kwamba wanafunzi hao walikuwa na walimu tangu utotoni. Ericsson mwenyewe alisisitiza baadaye kwamba hesabu ya saa peke yake haitoshi, kilicho muhimu ni namna unavyofanya mazoezi na kama yupo wa kukurekebisha. Saa 10,000 za kurudia kosa zinakupa kosa lililokomaa.

Najua jibu linalokuja: "Na benga je? Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, hao muziki wao ulitegemea cheti gani?" Hoja nzuri. Benga ya Ukambani haikujengwa kwa vyeti. Lakini haikujengwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani pia. Bendi ilikuwa shule. Kijana alikaa karibu na mpiga gita mkubwa, akabeba vyombo, akatazama vidole usiku kucha, na akikosea alikatwa jicho papo hapo mbele ya wacheza densi. Huyo tunamwita aliyejifundisha mwenyewe kwa sababu hakulipa karo, na tunasahau alisikilizwa kila wiki.

Hata uchongaji wa vinyago ambao umewapa Wakamba jina duniani una hadithi kama hiyo. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu aliupata ujuzi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kutoka kwa wachongaji wa huko, kisha akarudi nao nyumbani na wengine wakajifunza kwake. Mikono ilikuwa yake, lakini mtu fulani alimwonyesha.

Tuwe wakweli pia kuhusu walimu. Wapo wanaoua hamu. Kuna wa kugonga vidole kwa rula, na kuna anayempa mtu mzima nyimbo za chekechea mwaka mzima eti lazima kitabu kiishe. Wapo wanaochukua pesa kwa M-Pesa kisha wanakaa wakichezea simu ukipiga. Ukimpata wa namna hiyo, toka. Faida moja ya kuwa mtu mzima ni kwamba mlango unaujua.

Lakini mara nyingi tunapomkwepa mwalimu, tatizo si pesa wala umbali. Ni aibu. Wewe ni baba wa watoto wawili, au mama anayeheshimiwa chamani, na anayejua kinanda vizuri pale kanisani ni kijana wa miaka 19 anayekuamkia "shikamoo" au "habari yako auntie". Kukaa chini yake akuambie umekosea, mbele ya kwaya, kunauma. YouTube haiumi. Ndiyo maana tunaipenda. Ila kile kinachouma ndicho unachokihitaji, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata kama aliye mvunguni ni kijana wa juzi.

Basi ufanye nini, ukiwa Kibwezi, Wote au Kitui, bila chuo karibu?

Geuza mpangilio. Wengi huanza peke yao, kisha wakikwama baada ya miaka miwili ndio wanatafuta mwalimu. Huo ndio mpango ghali zaidi, kwa sababu mwalimu atalipwa kwanza kubomoa, halafu kujenga. Anza na mwalimu, hata kwa masomo sita au manane tu. Akuonyeshe kukaa, mikono, vidole, kuhesabu mapigo, na funguo tatu: C, F na G. Baada ya hapo endelea mwenyewe na simu yako, na urudi kwake mara moja kwa mwezi akusikilize. Mtu anayenunua bando kila siku hawezi kushindwa na somo moja kwa mwezi.

Wapi pa kumpata? Tafuta mwalimu wa shule anayefunza kwaya kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya. Wengi wao wanasoma solfa vizuri kuliko wanavyojisifu, na solfa ndiyo lugha itakayokutoa kwenye ufunguo mmoja, kwa sababu Do inahama na wewe unahama nayo. Uliza kiongozi wa kwaya ya kanisa lolote lenye sauti nne. Uliza mwalimu wa muziki wa sekondari iliyo karibu. Muulize yule kijana wa miaka 19.

Kama kweli hakuna mtu, jirekodi kwa simu kila Jumamosi, dakika mbili tu, mikono ikionekana. Mtumie kwa WhatsApp mtu anayejua, hata akiwa Nairobi, na umwombe makosa mawili, si pongezi. Usiitazame siku hiyo hiyo. Ngoja siku tatu, utashangaa utakachosikia. Pakua programu ya bure ya kugonga mapigo na uzime ule mdundo wa mashine. Na kwa miezi mitatu, bandika kipande cha selotepu juu ya kitufe cha Transpose.

Ukitaka kipimo cha nje, mitihani ya ABRSM ya Uingereza ina madaraja manane na haina kikomo cha umri. Tangu 2020 kuna aina ya mtihani unaotumwa kwa video, kwa hivyo hakuna anayekutaka upande basi kwenda kufanyiwa. Si lazima uufanye. Lakini kujua kwamba mtu usiyemjua atakusikiliza kunabadilisha namna unavyofanya mazoezi Jumanne usiku.

Haya yote ni ya nini? Ni ya kwaya yenu, ambayo huenda ina mpigaji mmoja tu, na akipata kazi Mombasa mnarudi kupiga makofi. Ni ya pesa ya harusi za Jumamosi ambayo inabebwa na wapigaji wanaoitwa kutoka mbali. Ni ya raha yako pia, kwa sababu kupiga wimbo wa marehemu nyanya yako kwa mikono miwili, bila kubahatisha, hakuna bando linalokununulia.

Kwa hivyo fungua YouTube leo usiku. Lakini kesho mchana, kabla hujapiga noti nyingine, mpigie simu mtu mmoja mwenye masikio na umuulize atakuwa na nafasi siku gani.