Mbwa wa Bariadi wachanjwe, wasiuawe

Alfajiri, kabla mabucha ya Bariadi, mkoani Simiyu, hayajafunguliwa, utawakuta mbwa wasio na mwenyewe wamejikunja barazani, mbavu nje, masikio yamejaa kupe. Wengi wakiwaona huwaza risasi au sumu. Sisi tunalipinga hilo. Nafasi ya aliyeuawa huchukuliwa na mgeni asiyechanjwa, na kichaa cha mbwa kinabaki palepale.

Pemba walichanja mbwa mpaka kisiwa kikasafika. Ugonjwa uliporudi mwaka 2016, wakachanja tena hadi ukaisha. Kinachotakiwa ni kufikia asilimia 70 ya mbwa. Na magonjwa ya mbwa hayaishii kwa mbwa: sisi Simiyu tunapakana na Serengeti, ambako mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaoenezwa na mbwa, distempa, uliua takriban theluthi ya simba.

Halmashauri zetu zitenge fedha za kuchanja na kuhasi, bila malipo, kata kwa kata. Mfugaji anayetafuta mlinzi wa zizi achukue mmoja wa mbwa hawa wa barazani, amchanje, amlishe. Na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo.