Kiti Kinachofaa Njia Zetu

Jumuiya zetu zina moyo wa kutoa. Mwenzetu akipooza miguu, tunachanga, tunanunua kiti cha magurudumu, tunapiga picha, kisha tunarudi nyumbani. Lakini njia za Kilema ni za miteremko, na wakati wa masika ni tope tupu. Kiti cha kutembelea ndani ya wodi hakivuki hata migomba ya uani.

Mwaka 1989, wanafunzi wawili wa ubunifu huko London, David Constantine na Simon Gue, walibuni kiti kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Constantine mwenyewe alikuwa mtumiaji wa kiti, baada ya kuvunjika shingo. Baadaye shirika lao, Motivation, lilitengeneza kiti cha magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali na miguu, ili kisipinduke kirahisi kwenye mashimo. Hapa Moshi, chuo cha TATCOT kilichopo KCMC kilishirikiana nalo kufundisha mafundi wa viti. Fundi huanza kwa kumpima mtu, kwa sababu kiti kisichomtosha huleta vidonda.

Nasi tujifunze hivyo: kabla ya kuchanga, tumwulize mhusika anapita wapi na anahitaji nini. Wale wanne wa Kapernaumu walitoboa dari ili mwenzao afike kwa Yesu. Je, sisi tunashindwa kumwaga zege la mteremko pembeni mwa ngazi za kanisa? Mafrateri wenzetu, kesho tutajenga vigango. Tuanze na mlango ambao kila mwamini ataupita bila kubebwa.