Maji ya Meru Yapate Mlinzi

Mto Themi washuka kutoka mlima Meru ukapita katikati ya jiji la Arusha. Mto Nduruma nao, pamoja na mifereji mingi, hunywesha mahindi, maharagwe na mboga. Maji hayo hayo ndiyo achotayo mama kwa ndoo yake. Kwa hiyo dawa inyunyizwayo shambani huko juu ni jambo la watu wote walio chini.

Hatuzikatai dawa za kuua magugu, kwani zimempunguzia mkulima taabu ya jembe. Lakini dawa haibaki ilipotiwa, mvua huichukua. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa sokoni atrazini, dawa ya mashamba ya mahindi, kwa kuwa ilikuwa imeingia katika maji ya ardhini. Je, sisi twajuaje maji yetu yana nini? Jicho halioni, wala ulimi hautambui.

Wataalamu wamegundua kwamba mmea wenyewe waweza kutwambia. Jani hupokea mwanga wa jua, na sehemu ndogo lisiyoitumia hulirudisha nje kama mwanga mwekundu hafifu. Atrazini na diuroni huziba njia ipitayo nguvu ya jua ndani ya jani; njia ikizibwa, mwanga urudishwao huongezeka. Basi mwani mdogo wa kijani hutiwa katika maji yanayopimwa, na chombo husoma mwanga wake. Kwa muda mfupi sumu hujulikana.

Tusidanganyane: kipimo hiki hakishiki kila dawa. Glaifosati huua kwa njia nyingine, nacho hakiitambui vema. Basi kipimo hiki ni mlinzi wa mlangoni apigaye kelele, si hakimu. Hukumu na itolewe na maabara.

Wataalamu tunao hapa hapa. Ngaramtoni ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Twawasihi watengeneze kipimo cha bei ndogo, wakifikishe vijijini, wawafundishe vijana kukitumia, na majibu yabandikwe ubaoni kwa Kiswahili, yasifungiwe kabatini. Vyama vya wafanyakazi na vya ushirika navyo vidai jambo hili bila kuchoka.

Kibarua abebaye bomba la dawa mgongoni na mama abebaye ndoo kichwani wana haki moja: kujua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.