Mzazi Asiyeweza Kusema Jino Linamuuma



Binti mmoja ametuuliza kama amepata dhambi. Mama yake ni mtu wa kiti cha magurudumu, na maradhi ya kusahau yamemfikisha pahala hamjui hata mwanawe. Siku nyingi alikuwa akikataa uji na kuusukuma mkono unaomlisha. Wako waliosema ni uzee, wako waliosema ni jini. Alipotazamwa mdomoni, gego limeoza na ufizi umevimba. Siku ya kung'olewa ilibidi ashikwe mikono, naye akilia.

Tunamjibu: hakumuasi mama yake. Kumshika kwa upole, kwa kadiri ya haja na kwa maelekezo ya daktari, ili aondokewe na maumivu, ni katika ule wema tulioamrishwa katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24. La kuogopwa ni kumwacha aumwe kwa sababu tu hawezi kulalamika.

Sasa tuitazame hali yetu. Visiwani zimejengwa hospitali mpya za wilaya, na tunao Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Tunashukuru. Lakini mzee huyu hapandi daladala, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ngazi za kumbeba watu wawili au watatu. Pensheni jamii, inayotolewa tangu 2016 kwa waliotimia miaka 70, ndiyo hiyo hiyo ya chakula. Kwa hiyo tunawaomba wahusika wapange siku za daktari wa meno kuwafuata wagonjwa kama hawa majumbani.

Na sisi watoto tuna yetu. Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, Bibi Aisha (r.a.) aliutafuna mswaki ukalainika, ndipo akampa. Basi tuwasafishe wazazi wetu meno kila siku kwa mswaki laini, na meno ya bandia yavuliwe usiku. Mzazi akikataa kula, akishika shavu au akipiga anapoguswa uso, tumtazame mdomo kabla ya kutafuta mganga. Tupige simu kabla ya kwenda, tuulize kama anaweza kutibiwa akiwa kwenye kiti chake, na tuchukue dawa zake zote, hasa za kuzuia damu kuganda.

Jambo la mwisho ni gharama. Katika madhehebu yetu ya Shafi, matibabu ya mzazi asiye na uwezo ni sehemu ya nafaka yake, nayo ni wajibu wa watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike. Hayahesabiwi kuwa zaka. Aliye Maskati au Dar es Salaam asidhani kuwa dada aliyebaki nyumbani amembebea na fungu lake. Apeleke nauli ya gari, na akija likizo naye ashike mswaki.

Allah awarehemu wazazi wetu na atupe subira. Amin.