Afya ya Familia: Jicho Likigeukia Puani Ghafla

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja. Mtoto wake wa miaka mitatu alilala mzima, akaamka jicho moja limegeukia puani. Majirani wanasema karogwa. Wengine eti ni ile homa ya juzi, yatapita. Mama, usingoje yapite.

Makengeza ya tangu uchanga ni habari nyingine. Haya ya ghafla, kwa watoto wa umri huo, mara nyingi yanatokana na macho yanayopata shida kuona vitu vya karibu. Mtoto anayakaza ili aone, na kule kukaza ndo kunayavuta ndani. Homa inaweza kuyafichua tu. Hapo dawa ni miwani. Lakini mkichelewa, ubongo unazoea kutumia jicho moja, na lile lingine linadhoofu.

Kinachotutia hofu zaidi ni kingine. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo kwenda kwenye msuli unaovuta jicho upande wa nje. Mshipa huo ukidhurika, jicho linaingia ndani. Sababu yaweza kuwa maji kujaa kichwani, uvimbe, homa ya uti wa mgongo au kuanguka vibaya. (Kuna wakati unalegea baada ya mafua na kupona wenyewe, ila hilo aseme daktari, siyo jirani.) Basi mtoto akiumwa kichwa, akitapika asubuhi, akiyumba akitembea, akiona vitu viwili viwili, au shingo ikikakamaa, mpelekeni siku hiyo hiyo, hata usiku. Na mkiona mboni inang'aa nyeupe msikawie: inaweza kuwa kansa ya jicho, na ikigunduliwa mapema inatibika.

Hospitalini watamziba jicho moja moja, watamwambia afuate kidole kushoto na kulia. Watamtia matone ya kupanua mboni ili wapime miwani na kuangalia nyuma ya jicho. Mwanga utamsumbua kwa muda, msishtuke. Wakiona dalili za presha kichwani wataandika rufaa ya kupigwa picha ya kichwa. Karatasi hiyo isilale chini ya godoro.

Tena bebeni picha ya zamani ya mtoto, hata iliyo kwenye simu ya shangazi. Daktari ataona kama jicho lilianza kugeuka kabla hamjagundua.